Bomba la bati limetuumbua walimu wa fizikia

Mwezi wa Mei mwaka 2024, mafuriko yalipokuwa yameliandama jiji la Nairobi, alinijia nyumbani kijana mmoja niliyemfundisha fizikia tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Hakuja kunijulia hali. Alikuja na chuma kilichofungwa ndani ya gazeti, akakiweka juu ya meza yangu ya chai, akafungua. Kilikuwa konrodi, ule mkono wa injini unaoiunganisha pistoni na krenki. Ilikuwa imepinda mfano wa mundu.

Kijana huyo ana gereji ndogo. Mteja wake alikuwa amemtaka aliongezee gari nguvu, naye akaling'oa bomba la kuingizia hewa lililotoka na gari kiwandani, akaunda lake kwa vipande vya mabomba ya plastiki ya maji. Mdomo wa bomba hilo aliuteremsha mpaka nyuma ya bampa, shibiri moja tu kutoka lami, ili lipate kuvuta hewa baridi. Kwa miezi mitatu mteja alifurahi. Mvua iliponyesha, gari likaingia katika dimbwi, bomba likafyonza maji badala ya hewa, na pistoni ilipopanda ikakuta kitu kisichokubali kubanwa. Kwa kuwa pistoni ilikuwa na nguvu za kupanda na maji hayakuwa na pa kwenda, aliyesalimu amri ni konrodi.

"Maji hayabaniki," nikamwambia. "Nakumbuka ulipata alama zote katika swali hilo."

"Nilipata, mwalimu," akajibu kwa adabu. "Lakini ulitufundisha maji ya breki. Hukutuambia kwamba na haya ya barabarani ni yale yale."

Sikuwa na la kujibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni mambo mangapi mengine tuliyoyafungia ubaoni. Wapo watakaosema kwamba kosa ni la kijana, kwamba angetumia akili yake. Nami nasema kwamba akili aliitumia. Wazo la hewa baridi ni wazo sahihi kabisa, na bila shaka alilipata katika somo la kanuni za gesi. Alichokikosa ni mtu wa kumsimamia siku moja tu, mbele ya injini ya kweli, akaliona somo la gesi na somo la maji yakikutana ndani ya bomba moja.

Nieleze kwanza bomba hili ni kitu gani, maana wengi wetu tumelipita kila tunapoifungua boneti bila kulitia maanani. Gari haliendi kwa petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli hutaka zaidi ya lita 9,000 za hewa pale Mombasa, na hapa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hutaka karibu lita 11,000. Mwenye gari hulalamikia bei ya ile lita moja na hana habari na zile elfu kumi na moja. Injini ya lita moja na nusu inayozunguka mara 4,000 kwa dakika huku dereva amekanyaga moto mpaka mwisho humeza kiasi cha lita 3,000 za hewa kila dakika. Zipitishe hizo katika bomba lenye kipenyo cha milimita 63, na hesabu itakuonyesha kwamba hewa hukimbia mle ndani kwa kasi inayokaribia kilomita 60 kwa saa. Hii ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuimaliza kabla kengele haijalia. Je, ni wangapi wamewahi kuulizwa?

Mimi mwenyewe nililazimika kuunda bomba la namna hii miezi michache baada ya kisa hicho. Gari langu ni kuukuu, na mpira unaoichukua hewa kutoka kwenye chujio kwenda kwenye injini ulikuwa umekauka ukapasuka. Ufa wa mahali hapo si jambo la kupuuza. Bomba likitoboka kabla ya chujio, hasara si kubwa sana, kwa sababu vumbi litakamatwa mbele. Lakini likitoboka baada ya chujio, injini huvumbika moja kwa moja, na vumbi la barabara zetu za murami lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma, ambazo huzila ringi za pistoni polepole kama msasa. Mpira mpya uliniambia bei yake nikarudi nyumbani. Mitumba niliyoiona kwenye maduka ya vipuri ya Grogan haikuingiana na gari langu.

Basi nikaamua kuunda. Na hapa sina budi kukiri jambo la aibu. Bomba langu la kwanza niliuiga uzembe ule ule wa kijana wangu, nikalikata kutoka bomba la plastiki la maji, nikalipaka rangi nyeusi lipendeze. Fundi mmoja wa Kamukunji niliyemwendea anichongee kibano cha kulishikia alilitazama, akaligonga kwa ukucha, akaniambia, "Mwalimu, hili litalainika." Nikamjibu kwa kiburi cha chaki kwamba linatosha. Baada ya majuma mawili ya safari za jioni katika msongamano, bomba lilikuwa limelegea upande unaoielekea ekzosi, kiungo kimefunguka, na ndani yake nikapitisha kidole kikatoka na vumbi jekundu. Plastiki ya aina ile huanza kulainika inapokaribia nyuzi 80 za joto, na chini ya boneti, karibu na ekzosi, joto hilo si mgeni. Nimefundisha mada ya joto kwa miaka mingi. Fundi yule, aliyeacha shule darasa la saba, aliijua plastiki kuliko mimi, kwa sababu yeye ameiona ikilainika na mimi nimeiona ikiandikwa.

Nikarudi kwake mkono nyuma. Hakunicheka. Tukakubaliana tuunde bomba la bati jembamba, lenye kipenyo cha milimita 63 na urefu wa sentimita 40, na kwenye kona mbili tutumie vipande vya mpira mnene vya kupindika. Akachukua bati, na kabla sijatoa kalamu mfukoni akawa amekwisha kupiga mstari wa kukata. Nikamuuliza amejuaje upana. Akasema kwamba kwao hupima kipenyo mara tatu, kisha wakaongeza upana wa kidole gumba.

Msomaji, nilisimama pale katikati ya kelele za nyundo nikapiga hesabu kwenye kiganja. Kipenyo mara tatu ni milimita 189. Mzingo halisi, kwa kanuni tunayoifundisha, ni 198. Kidole gumba cha fundi yule kina upana wa milimita 20 hivi. Kwa hiyo milimita tisa za kidole zilikuwa zinalipa ile 0.14 ambayo yeye hajapata kuisikia, na kumi na moja zilizosalia zilikuwa za kukunja mshono. Kanuni yake ilikuwa sahihi! Ilikuwa sahihi kwa bomba la kipenyo kile. Nikamuuliza kama kanuni hiyo humtosha hata kwa mabomba makubwa, kama yale ya kutolea moshi wa jiko. Akaiweka nyundo chini. Akaniambia kwamba mabomba makubwa humsumbua tangu alipoanza kazi, hutoka yakiwa yamebana na mshono haufiki, na kwamba alikuwa akimlaumu mwenye bati. Tukachukua bomba la milimita 150. Mara tatu ni 450, mzingo halisi ni 471. Kidole gumba chote kinaliwa na ile tofauti na hakibaki hata kidogo cha kukunja. Nikamwandikia 22/7 kwa chaki juu ya fuawe lake. Akainyamazia kwa muda, kisha akamwita mwanagenzi wake aje aione.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndicho kiini cha hoja yangu. Mimi nilikuwa na kanuni isiyo na bati, yeye alikuwa na bati lisilo na kanuni, na kati ya shule yangu na kibanda chake pana mwendo wa dakika ishirini kwa matatu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetulipia nauli.

Bomba lilipokamilika, likalehemiwa mshono kwa nje ili risasi isije ikabanduka ikaingia katika injini, nikataka kujua kama limeisaidia injini au limeikaba. Vijana wengi wanaounda mabomba ya hewa hupima kwa masikio. Gari likinguruma kwa sauti nene wao huamini kwamba limepata nguvu. Nami nikaamua tupime kwa maji. Nilichukua mrija wa plastiki unaopenya nuru, nikaupinda mfano wa herufi U juu ya kipande cha ubao chenye rula, nikautia maji yenye wino mwekundu. Hii ndiyo manomita tunayoichora ubaoni kila mwaka. Ncha moja niliiacha wazi, ya pili nikaichomeka katika tundu dogo la bomba, kati ya chujio na injini, na mrija nikaupitisha dirishani. Mikono ya ile U niliifanya mirefu, nusu mita, ili maji yasije yakavutwa yakaingia mahali yasipotakiwa. (Mwalimu atakayejaribu asiichomeke ncha hiyo nyuma ya kile kilango kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta. Huko mvuto wa hewa huweza kuyainua maji mita kadhaa, na manomita nzima itamezwa.)

Wanafunzi wangu wawili waliketi nyuma wakishika ubao na daftari, fundi akaketi mbele, na Jumapili moja alfajiri tukapanda mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi katika gia ya pili, moto umekanyagwa. Kwa chujio langu chafu, tofauti ya maji ilikuwa sentimita 21. Tukasimama pembeni tukatia chujio jipya, tukarudi chini, tukapanda tena, na ikawa 13. Kisha tukalitoa bomba letu tukatia mpira halisi niliouazima kutoka gari la mwalimu mwenzangu. Ikawa 12.

Hapo ndipo somo lilipokuwa. Msukumo wa hewa katika mwinuko ule, ukiupima kwa maji, unatosha kuinua maji kiasi cha sentimita 800. Bomba tulilolisumbukia siku tatu lilitofautiana na la kiwandani kwa sehemu moja katika mia nane. Hata kama ningeunda bomba pana kama ndoo na kulitupa chujio kabisa, nisingeweza kuokoa zaidi ya zile sentimita 13, yaani chini ya sehemu mbili katika mia. Lakini hewa ikiingia ikiwa na nyuzi 65 badala ya 25, kwa sababu bomba limeachwa lifyonze joto la ekzosi chini ya boneti, injini hupoteza sehemu kumi na mbili katika mia za uzito wa hewa yake. Kwa hiyo yule anayepanua bomba na kuliacha chini ya boneti anatafuta shilingi mbili huku akidondosha kumi na mbili. Na yule anayelitoa chujio ili hewa ipite kwa wingi anaununua ule upungufu mdogo kwa ringi za pistoni.

Na kuhusu petroli, ambayo ndiyo husemwa sana, wanaouza mabomba mapana huahidi kwamba gari litakunywa kidogo. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilitangaza matokeo ya kupima magari ya kisasa yenye machujio yaliyoziba, na ikaonekana kwamba ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kusemwa. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Sababu ni kwamba kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia na kutoa mafuta ya kuitosha hiyo tu.

Wanafunzi wale wawili hawakuwa wa kwanza darasani. Mmoja wao hunipa karatasi za mtihani zinazosikitisha. Lakini tulipokuwa tukiteremka aliniuliza kwa nini magari ya Safari Rally hupandisha bomba la hewa mpaka usawa wa paa, ilhali kona na urefu wa ziada huikaba hewa. Kabla sijafungua kinywa akajijibu mwenyewe kwamba afadhali kupoteza sentimita mbili za maji kwenye manomita kuliko kuingiza maji yenyewe katika injini. Mashindano hayo yaliporudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, mabomba hayo yalionekana tena Naivasha, kwa ajili ya maji na vumbi. Maelfu ya vijana waliyapiga picha. Sijui kama kuna mwalimu hata mmoja aliyeyaleta darasani. Mimi sikuyaleta.

Najua nitakayoambiwa na walimu wenzangu. Watasema silabasi ni ndefu, vipindi ni vichache, na mzazi hapimi shule kwa bomba la bati bali kwa matokeo. Hayo ni kweli, nami nimeyasema mwenyewe katika vikao vingi vya walimu. Watasema pia kwamba tulikwisha kujaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, masomo ya ufundi yalitiliwa mkazo, wazazi wakachanga fedha za harambee kujenga karakana, na nyingi ya karakana nilizozitembelea baadaye zilikuwa zimegeuka stoo za mahindi na madawati mabovu. Lakini tukumbuke jinsi tulivyojaribu. Tulijenga kuta na kununua vifaa, na aliyepelekwa kufundisha mle alikuwa mara nyingi mwalimu kama mimi, asiyejua kwamba plastiki italainika. Fundi aliyekuwa ng'ambo ya barabara hakualikwa, kwa kuwa hakuwa na cheti.

Tuna ugonjwa mwingine, nao ni wa kutaka mwisho kabla ya mwanzo. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitakiwa kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari machache ya Nyayo yakaonyeshwa hadharani Kasarani. Siidharau kazi ile. Waliofanya walikuwa mabingwa, na magari yalikwenda. Ila hayakufika sokoni, na mojawapo ya sababu ninazoziona mimi ni kwamba gari ni mkusanyiko wa maelfu ya vitu vidogo kama bomba langu, ambavyo kila kimoja kinahitaji mtu anayejua kukikata na anayejua kukipima, na watu hao wawili tumewalea katika nyumba mbili tofauti.

Sasa tunao mtaala wa umilisi, na katika sekondari ya juu imetengwa njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Maneno ni mazuri. Hofu yangu ni kwamba mradi wa mwanafunzi utakuwa tena kitu cha kununuliwa na mzazi usiku wa kuamkia siku ya kukikabidhi, kilichoundwa na fundi yule yule wa Kamukunji kwa malipo ya haraka, kisha mwalimu akakitia alama. Ikiwa fundi ndiye atakayekiunda, basi na aingie darasani kwa mlango wa mbele, alipwe kama mgeni mwalikwa kutoka mfuko wa shule, na asimame kando ya mwalimu wa fizikia mchana mmoja kila muhula. Shule haihitaji injini mpya. Injini iliyokufa hupatikana kwa bei ya chuma chakavu, nayo inatosha kwa kukata, kupima na kuunganisha. Manomita ile ilinigharimu pesa zisizofika bei ya kitabu cha kiada. Na mradi utahiniwe kwa swali moja ambalo mzazi hawezi kulinunua, kwamba mwanafunzi asimame na kitu chake mbele ya mwalimu na fundi, aeleze kwa nini alikikata hapo na si pengine.

Kuna wazazi watakaolalamika kwamba hawakumpeleka mtoto wa kidato shuleni ili apakwe grisi. Hao ningewaonyesha ile konrodi, na kuwatajia gharama ya injini ya mteja, ambayo mwanangu yule bado anailipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, miaka minne ya fizikia ikiwa kichwani mwake.

Nilipomweleza habari za Mai Mahiu alikuja tena, safari hii mikono mitupu. Amekwisha kuuinua mdomo wa kila bomba aliloliunda, mpaka juu ya usawa wa taa za mbele, na mteja akitaka uteremshwe humkatalia. Alitaka kujua kama bomba lililoinuliwa linakaba hewa kiasi gani. Nikamwambia sijui, akapime. Alichukua ule ubao wa manomita na chupa ya wino mwekundu akaondoka navyo. Mpaka leo hajavirudisha, nami sijamdai.